Baraza Lilihamia Sebuleni

Masharti yaliyotolewa mapema Julai 2020 kuhusu kufunguliwa tena kwa nyumba za ibada nchini Kenya yalikuwa na kifungu kimoja kilichozigusa nyumba zetu kuliko misikiti yetu. Waumini wasizidi mia moja kwa wakati mmoja, ibada isipite muda wa saa moja, na walio chini ya umri wa miaka 13 pamoja na waliovuka miaka 58 wabaki majumbani. Madrasa nazo zilikuwa zingali zimefungwa. Juu ya hayo, tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba shule za msingi na sekondari hazitafunguliwa hadi Januari 2021, na kwamba mitihani ya kitaifa ya mwaka huo haitafanywa.

Ziweke amri hizo mbili pamoja, msomaji, uone zilichora nini. Mjukuu alikuwamo ndani mchana kutwa. Babu na nyanya walikuwamo ndani mchana kutwa. Huyu hakuwa na shule wala chuo, yule hakuwa na safu yake ya kwanza msikitini aliyoizoea kwa miaka na miaka. Watu wa rika mbili ambao katika siku za kawaida huonana kwa kupishana mlangoni, waliwekwa chini ya paa moja kwa muda wa karibu nusu mwaka, na baina yao alikuwapo mama, ambaye hakuna aliyemtangazia likizo.

Kwa hiyo suala la burudani ya nyumbani, ambalo zamani lingeachiwa ukurasa wa watoto, likawa suala la watu wazima. Neno lenyewe burudani asili yake ni ubaridi, kupoa baada ya joto. Na nani atakayekana kuwa tangu Machi 2020 nyumba nyingi zilikuwa na joto? Kazi zilipungua, bandarini na mahotelini watu walirudishwa makwao, fedha ya matumizi haikujulikana itatoka wapi, na watoto waligombana kuanzia asubuhi. Nyumba isiyo na namna ya kupoa huwaka, na aghalabu anayeungua ni yule mdogo au yule dhaifu.

Starehe ya nje na starehe ya ndani

Ili tuelewe kilichotupata, tukumbuke jinsi sisi watu wa pwani tulivyojenga. Mbele ya nyumba ya Kiswahili pana baraza, nalo limejengwa kwa saruji au kwa mawe hasa ili watu wakae. Hapo ndipo mwanamume hupumzika. Baada ya Alasiri huletwa kahawa chungu na kashata, bao hutandazwa, habari za bandari na za siasa huchambuliwa, na adhana ya Magharibi ndiyo inayolivunja baraza. Starehe ya mwanamume, kwa karne kadhaa, imekuwa nje ya kizingiti. Mwanamke naye alikuwa na zake za ndani: kusukana uani, kupakana hina, kutembeleana baada ya kazi, kwenda harusini. Watoto walikuwa na kichochoro.

Corona ilivunja mpango huo kwa siku chache. Tarehe 27 Machi ikaanza marufuku ya kutoka usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani saa zile zile za Tarawehe. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa njia za kutokea na kuingilia. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa katikati, Mji wa Kale ukafungwa wenyewe, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kwa siku 15, na muda ukaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Idi ya Mfungo Mosi iliwakuta watu wa Kibokoni na Kuze wakitazamana madirishani. Hapakuwa na Makadara ya kununua vyakula vya Idi, hapakuwa na matembezi ya Laitihausi, viazi vya karai na muhogo wa kukaanga kando ya bahari.

Ndugu zetu wa Tanzania hawakufungiwa majumbani, ingawa shule zao zilifungwa kuanzia Machi 17 na kufunguliwa zote Juni 29. Jamaa wa Maskati ndio waliokuwa na hadithi inayofanana na yetu, kwa sababu Matrah ilifungwa tangu tarehe mosi Aprili. Kwa hivyo simu za usiku baina ya Mombasa na Maskati zilikuwa na swali moja kwa pande zote mbili: mnafanya nini ndani?

Jibu la kweli ni kwamba baraza lilihamia sebuleni. Wanaume waliingia ndani na starehe zao, wakaikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa mahali pa kazi pa mtu mwingine. Mama mmoja wa Kibokoni, mwenye watoto watano na mama mkwe, alinieleza kwa simu maneno ambayo sijayasahau: "Baba yao akisema leo tustarehe, mimi nishajua kuwa jiko litawashwa mara ya nne." Alicheka alipoyasema, nami nikacheka naye, lakini si maneno ya kuchekesha. Burudani nyingi tunazoshauriana siku hizi, kama vile kupika pamoja, kualikana chumba kwa chumba, kufanya karamu ndogo ya ukumbini, huacha sufuria nyuma yake. Mwenye kuziosha hajaburudika.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tucheze nini, familia iulize nani atapumzika saa ngapi. Jambo hili si la kigeni katika dini yetu. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia ahali zake, na wakati wa Swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Bi Aisha huyo huyo ndiye aliyesimulia kwamba walishindana mbio, yeye na Mtume, mara ya kwanza akashinda yeye, na baadaye, mwili wake ulipoongezeka, akashinda Mtume. Mume aliyewatumikia watu wa nyumba yake na aliyecheza nao ni mtu mmoja, na tunapoyahadithia ya mashindano tusiyaache ya utumishi.

Njia moja ambayo nimeiona ikifaa ni kuifanya kazi yenyewe kuwa shindano, lakini kwa wale ambao si zamu yao ya kawaida. Nazi tatu, mbuzi mmoja wa kukunia, baba na wavulana wawili, na nyanya awe mwamuzi wa nani amekuna laini bila kuufikia ubao wa kifuu. Wavulana wa leo wengi hawajawahi kumkalia mbuzi. Watachafua, watakwaruza vidole, na chicha litaruka hadi ukutani. Na walifagie wao.

Bao katika trei la mayai

Sasa tuje kwenye michezo, na nianze na bao kwa sababu ndilo linalostahili kutangulia.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64, kila mchezaji akiwa na kete 32. Mafundi huanza mchezo na kete kumi tu ubaoni kila upande: sita katika nyumba, yaani lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Zile 22 zilizobaki hukaa mkononi na kuingizwa moja moja wakati wa kunamua. Zikiisha za mkononi ndipo huingia mtaji, na hapo ndipo utakapoona mzee amenyamaza dakika nzima, macho yamegota ubaoni, akihesabu kete zitakavyozunguka, zitakula wapi na zitalala wapi, kabla hajagusa kitu.

Mtoto asianzie huko. Lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili, na mchezo ukaanza mara moja. Huchota kete za shimo moja na kuzipanda moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, huzila hizo za mpinzani na kuzipanda kwake. Ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu ni ya mwenziwe. Mtoto wa miaka minane hulielewa hilo kwa alasiri moja. Baada ya wiki moja atakuwa anahesabu kimoyomoyo mbele ya mikono yake, jambo ambalo mwalimu wa hisabati angelifurahia sana.

Na asiye na ubao? Mbao za bao zilizochongwa vizuri ni ghali, na zile za urithi mara nyingi zilibaki kwa kaka mkubwa. Chukua matrei mawili ya mayai, yale ya karatasi ngumu. Kila trei lina vishimo 30, vitano kwa sita. Kata katika kila moja kipande cha vishimo vinne kwa vinne, viunganishe vipande hivyo viwili ubavu kwa ubavu, nawe umepata bao la nne kwa nane bila senti. Kete zake ni mbegu za mabuyu. Watoto watazila kwanza wenyewe kwa furaha, kisha zioshwe rangi, zianikwe, zihesabiwe 64. Wenye bahati ya kuwa na komwe kwenye mkebe wa zamani wazitoe, kwani hakuna sauti ya kete inayoishinda komwe.

Hapa ndipo babu aliyekatazwa msikiti kwa umri wake alipopata darasa lake. Wazee wengi wa kwetu hawana wanalolisema kwa vijana isipokuwa kukemea, na si kwa ubaya, bali kwa kukosa mlango wa kuingilia. Bao ni mlango. Mzee anayemfundisha mjukuu namna ya kutakata atajikuta amesimulia pia alijifunzia kwa nani, barazani kwa nani, na mwaka gani.

Michezo mingine niipitie upesi. Keram, yenye kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na moja nyekundu, inahitaji ubao uliochongwa sawasawa na poda ya kuutelezesha, na ni mchezo wa watu wanne, hivyo nyumba nyingi huufaidi. Drafti huchezwa kwa vizibo vya soda juu ya kadibodi iliyopigwa mistari. Dhumna kete zake ni 28, nayo ina kelele. Wenye mgonjwa ndani waikwepe, au watandike mkeka chini yake. Wanawake wasidhani michezo hii ni ya wanaume kwa kuwa tu ilizoeleka barazani. Ubao haujui nani kaushika.

Wasomaji wameuliza kuhusu hukumu ya michezo. Yale yote ya kuwekeana fedha ni kamari, na hilo halina mjadala. Michezo inayoendeshwa kwa dadu, wanavyuoni wengi wameikataza hata pasipo fedha, kwa Hadithi zilizokuja kuhusu nardi. Kwa hiyo mwenye kujihadhari ataiweka kando ludo ya dadu, na wala hatakosa la kucheza. Sataranji wamekhitalifiana juu yake, na kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani, ni karaha madamu hakuna kamari wala kupitwa na Swala. Bao na drafti hazina dadu. Lakini kupitwa na Swala kunaweza kutokea katika mchezo wowote, na bao ni mwizi mkubwa wa Alasiri. Adhana ikitoka, kete zilale zilipo.

Tiara, maneno na giza

Julai ni mwezi wa kusi, na kusi ni upepo wa tiara. Nyumba za Mji wa Kale zenye sakafu ya juu, na hata ua mpana wa Kisauni au Likoni, zinatosha. Chelewa mbili zilizochanwa vizuri, gazeti la wiki iliyopita (hili msomapo likishasomwa, halina budi kuwa na manufaa mengine), uji mzito wa unga badala ya gundi, uzi wa cherehani, na mkia wa kitambaa cha leso iliyochakaa. Mkia ukiwa mfupi tiara huzunguka kama kichaa. Ukiwa mrefu mno haipai. Mtoto atajaribu mara sita kabla haijapaa, na hizo sita ndizo asubuhi nzima. Mkubwa mmoja awepo juu, kwa sababu sakafu nyingi za zamani hazina ukuta wa kutosha pembeni.

Najua si kila msomaji ana sakafu ya juu. Katika nyumba za Majengo vyumba hupangishwa kimoja kimoja, ukumbi wa katikati na ua ni wa wapangaji wote, na familia ya watu saba hulala chumba ambacho kitanda kimekula nusu yake. Mashauri mengi yanayoandikwa kuhusu kukaa ndani yameandikwa na watu wenye vyumba vya ziada. Kwa nyumba kama hizi, la kwanza ni mapatano ya ua baina ya wenye nyumba: saa hizi za watoto wa chumba cha pili, saa hizi za kufua, saa hizi za mzee kuota jua. La pili ni michezo isiyohitaji nafasi wala chombo, na Kiswahili kimejaa hiyo.

Vitendawili kila mtu anavijua, lakini watoto wa sasa wanajua vile vya kitabuni tu, kwa hiyo vimekufa utamu. Jibu linatoka kabla ya swali. Waambie watunge vyao wenyewe juu ya vitu vilivyomo chumbani humo humo: kitasa, chandarua, ndoo, barakoa. Anayeshindwa kutegua atoe mji, kama ilivyo ada, na mtegaji aeleze alikula nini katika mji huo. Nimewahi kusikia mtoto akipewa Mombasa nzima, akaulizwa alichokula, akajibu, "Nimekuta pamefungwa."

Mchezo mwingine ni mkufu wa silabi. Kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, silabi ya mwisho ya neno moja inaweza kuanzisha jingine: meza, zabibu, bunduki, kiko, kobe, bega, gari. Anayekwama ametoka. Mwanzoni huonekana ni wepesi wa kupindukia, kisha mtu mmoja mwerevu husema paka, mwenziwe kamba, wa tatu akanyamaza akiitafuta "mba" hadi nyanya, ambaye alidhaniwa amelala, anaposema mbayuwayu. Anayefuata amepewa "yu", naye akikumbuka yungiyungi, ameutupa mzigo kwa mwingine. Huchezwa gizani, umeme ukikatika, bila kalamu wala karatasi, na mama anaweza kuucheza akiwa amejilaza macho yamefumbwa, jambo ambalo si dogo.

Kuhusu runinga sina mengi. Neno lenyewe hunasibishwa na marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu aliyejitahidi kuipa lugha yetu maneno yake yenyewe ya mitambo mipya, na ningependa watoto walau wajue hilo wanapobonyeza. Masomo yanayorushwa redioni na runingani na taasisi ya mitaala yafuatwe na wanaoweza. Simu ya nyumba ikiwa moja na bando ni la kununuliwa kwa kubana, somo litangulie kabla ya katuni, na katuni itazamwe na mkubwa aliyekaa hapo hapo, si aliyeko jikoni. Tusijidanganye kuwa tutaizima kabisa. Mama aliyewasha katuni ili aswali Adhuhuri kwa utulivu hana la kulaumiwa.

Nyanya arekodiwe

Nimeliacha nyuma jambo ninalolipenda zaidi, nalo ni la haraka kuliko yote, kwa sababu ugonjwa huu unawachagua wazee.

Mzee aliyekuwa na miaka 70 mwaka 2020 alizaliwa mwaka 1950. Aliiona Ngome ya Yesu ikiwa bado ni jela, kwa maana wafungwa waliondolewa mwaka 1958 na makumbusho kufunguliwa 1960. Alikuwa na miaka 13 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliposhuka ngomeni mwaka 1963. Aliyaona majahazi ya Ghuba yakija na kaskazi katika Bandari ya Kale, yamepakia tende na mazulia, yakisubiri kusi yarudi na boriti. Hayo yamo kichwani mwake, sebuleni kwako, na hakuna aliyemwuliza.

Mjukuu wa miaka kumi na mmoja apewe kazi hii rasmi. Asiulize "Zamani ilikuwaje?", kwani swali hilo hujibiwa kwa "Ilikuwa nzuri." Aulize vitu vya kushikika. Nguo yako ya Idi ilishonwa na nani? Harusi yako ilikuwa siku ngapi, na nani alikuwa somo wako? Maji mkiyateka wapi? Ni kipi ulichokatazwa kula ukiwa mtoto? Nani alikufundisha alif? Mlipokuwa wagonjwa mlifanyiwa nini kwanza? Kwa swali hili la mwisho nyanya mmoja alizungumza muda mrefu kuhusu ndui na jinsi walivyotengwa chumba cha uani, na watoto waliomsikiliza wakagundua kwamba karantini haikuanza na wao.

Arekodi kwa simu ya kawaida, inatosha. Simu isishikwe mbele ya mdomo, maana wazee huona haya wakakatiza maneno. Ilazwe juu ya leso karibu na goti la msimuliaji. Pangaboi lizimwe, kwani sauti yake hula maneno. Saa nzuri ni baada ya chai ya asubuhi, kabla hajachoka, na isizidi nusu saa kwa siku. Akinyamaza, mtoto naye anyamaze. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya kimya. Akilia, aachwe alie. Kisha kila rekodi ipewe jina la msimuliaji na tarehe, na nakala ipelekwe kwa jamaa wa Maskati usiku huo huo, kabla simu haijadondoka katika ndoo ya maji.